Sumaku Niliyoiosha

Niliiosha mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Kisumaku cha kukorogea kemikali, kifupi kama kipande cha chaki, chenye ganda la plastiki lililojaa mikwaruzo. Nilikiona kichafu mezani kwa mwenzangu wa maabara, nikakiosha kwa asidi ili kumsaidia, bila hata kumwambia. Katika maabara ile ni yeye peke yake aliyekula nami chakula cha mchana. Ningemwoshea hata viatu.

Nilimwita Dada. Alikuwa akitengeneza plastiki inayopitisha umeme, ile ya skrini zinazokunjika, na aliweza kuifanya minyororo yake yote ikue kwa urefu mmoja bila kutia metali yoyote ya kuichochea. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mara tatu mfululizo alifanikiwa, na profesa akatangaza kwa wakubwa.

Baada ya kisumaku kupita kwenye asidi yangu, kazi ikagoma. Dada alirudia mara ishirini na moja. Wapi bwana, maji yalibaki ya njano vile vile, hayakugeuka rangi kama zile mara tatu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba alipika matokeo, halafu wakaacha kunong'ona, wakasema waziwazi.

"Mdogo wangu," aliniuliza tukila, "na wewe unaona nilidanganya?"

"Hapana, Dada," nikasema, macho kwenye sahani.

Nilikuwa nimeshajua. Siku tatu nyuma nilijaribu mwenyewe kwa kisumaku kingine kikuukuu, kisichooshwa, na maji yakageuka rangi ya damu ya mzee. Metali ya majaribio ya zamani ilijificha ndani ya mikwaruzo, ikimfanyia kazi bila yeye kujua, mpaka asidi yangu ilipoiondoa. Lakini kugusa vifaa vya mwenzako kulikuwa kosa la kufukuzwa. Niliogopa. Sina namna ya kulipamba hilo.

Akafungasha vitu vyake, akarudi kwao kwa baba yake, na jina la mdanganyifu. Miaka tisa nimekula mchana peke yangu, nikiutazama ukuta, na upweke huo nimejitafutia mwenyewe. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamweleza yote.



"Kwa hiyo nilikosea tu," alisema. "Sikudanganya."

"Hukudanganya, Dada. Nisamehe."



"Usikate," alisema. "Baba yuko chumba cha pili. Mwambie na yeye."

Nikasikia kiti kikisukumwa, na hatua za mzee zikija taratibu.