Bibi Harusi wa Dirishani

Mwaka ule wa tisini na sita, mitumba ilikuwa imefagia maduka ya vitambaa Nyeri mjini, moja baada ya jingine. Ngendo alishonea kwenye veranda ya duka mojawapo lililobaki tupu, na hata hapo palikuwa pakimponyoka. Mwenye jengo, Mzee Kahiga, alisema Jumamosi angeziba dirisha kwa matofali, duka liwe stoo ya viazi. Stoo ya viazi, katikati ya mji! Na Ngendo na cherehani yake waende wapi?

"Nipatie hiyo dirisha mpaka Jumamosi," alimwomba. "Niko na kitu nataka kuonyesha watu."

"Onyesha. Hiyo ni kioo tu."

Ngendo akajaza magunia manne maganda ya mahindi, moja akalivisha gauni jeupe. Akayasimamisha dirishani na kuyafunika yote kwa leso, gubigubi, vile wasichana hufunikwa siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ili bwana harusi amtafute wake. Kwenye kioo akaandika: Bibi harusi ni yupi?

Weee! Watu wa Nyeri na mambo ya watu! Mama wa sokoni akatua kikapu, karani akachelewa kazini. Wengine walimletea Ngendo suruali za kupunguza, mradi tu wapate sababu ya kuchungulia.

Jumamosi Mzee Kahiga akaja na fundi na mkokoteni wa matofali. Akakuta akina mama wamejaa veranda nzima.

"Tokeni! Ati bibi harusi? Si ni huyu!" Akaingia, akavuta leso ya kwanza kwa hasira. Gunia la maganda.

"Faini! Faini!" akina mama wakapaza sauti. Maana anayeshika asiye wake siku ya ruracio hutozwa, na wanaopanga faini ni akina mama. Kukataa mbele yao ni aibu ya kuzeeka nayo.

Wacera, muuza ndizi, akatangaza: "Dirisha ibaki!"

Mzee akamwashiria fundi arudishe matofali. Ngendo nusura alie kwa furaha.

Lakini mzee hakuondoka. Akazikodolea macho leso tatu zilizobaki. "Sasa ni yupi?"

"Chagua, Mzee. Ukikosea, faini ni ufunguo ya duka."

"Wewe msichana ni mjanja sana."

Gauni lilikuwa chini ya leso iliyochakaa, kando ya ukuta. Mzee Kahiga akakuna kidevu, akaipita hiyo, akanyoosha kidole kwenye leso nyekundu, mpya kabisa, na Ngendo akakinga kiganja kupokea ufunguo.