Jiwe la Mlango wa Uani

Usiku wa jana niliota, na msiniambie ni shibe, maana nililala bila kula. Tangu mume wangu Mwinjuma afariki, chakula napika, nafunika kawa, nalala. Mlango wa uani nao hujibamiza usiku kucha kwa upepo, wala siinuki.

Basi nipo kliniki ya sukari, ile tuliyokuwa tukienda sote wawili, na mizani inaniita.

"Mwantumu, panda."

"Hunisalimii? Mimi mkubwa wako."

"Shikamoo."

"Marahaba." Nikapanda.

Mizani ikaguna. "Kilo zako nyingine umeziacha wapi?"

"Zimepungua zenyewe. Si ndicho mnachotaka? Majirani wote wananipa hongera."

"Mwenye sukari akipungua bila kukusudia hapewi hongera, anaulizwa kulikoni. Hapa sheria ni moja. Aliyezidi mno anazama, aliyepungua mno anapaa, na wote wawili hawarudi nyumbani."

Kweli, bwana mmoja mnene pembeni yangu keshazama sakafuni hadi kiunoni, na anaomba maji ya kunywa kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi ndala zinanivuka. Napaa.

Sikuogopa, kwa sababu juu darini yupo Mwinjuma. Amekaa kwenye benchi lililopigiliwa misumari kichwa chini, kavaa lile koti lake la kliniki, ambalo alikuwa halivui hata jua la saa saba.

"Hujala," ananiambia.

"Salamu gani hiyo? Siku zote hizi hatujaonana!"

Anaingiza mkono mfukoni, anatoa jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi. Nalijua. Ndilo lililokuwa likizuia mlango wa uani, likapotea, nikamlaumu mbuzi wa jirani.

"Nilikuwa napima nalo," anasema. "Kila tukija kliniki. Nilikuwa nakwisha, Mwantumu, sikutaka mizani ikwambie."

"Na mimi nikaamini," mizani ikasema kule chini, kwa uchungu.

"Ulidhani sijui?" nikamwambia. "Suruali zako nani alikuwa akizipunguza kiuno?"

Mwinjuma akatazama viatu vyake. Alikuwa hivyo hivyo hata akiwa hai, ukimbana anatazama viatu.

"Sogea nikae," nikasema. "Nina hamu nawe, Mwinjuma. Nikipakua sahani moja mkono unakataa. Sisikii ladha ya kitu."

"Nafasi ipo. Ila huku wanapika mchicha bila nazi."

"Nitawapikia mimi."

"Nazi hazipandi huku. Na wewe hujaitwa, umejileta kwa njaa. Kula, mke wangu. Mimi siondoki."

Nanyoosha mkono nimshike, nagusa kifungo cha koti tu. Yeye anavuta pindo la khanga yangu, anafungia lile jiwe ndani kama zinavyofungwa hela za sokoni, anakaza fundo. Hapo hapo naanza kushuka.

"Fungua! Mwinjuma, nasema fungua! Mume gani wewe, unamrudisha mkeo!"

Naye ananicheka kile kicheko chake cha puani, ambacho nilikuwa nakichukia na sasa ningekinunua kwa bei yoyote. Kliniki imeshakuwa jiko langu, dari imekuwa bati, naye simwoni tena.

Nikaamka. Kumekucha, upepo unavuma hadi mabati yanalia, lakini kuna kelele moja inakosekana. Nikakaa kitandani nikiitafuta. Mlango wa uani haujibamizi.

Nikaenda kuangalia, miguu peku. Uko wazi, umetulia tuli, umezuiwa na jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi.

Sikuligusa. Nikaingia jikoni, nikafunua kawa, nikala kile kiporo cha ugali na mchicha kikiwa baridi, huku machozi yananitiririka, hadi sahani ikabaki tupu. Mchicha ulikuwa na nazi.