Mafua ya Bwana Noh

Noh Byung-ho alipong'olewa meno yote ya juu, alijifungia ndani kama mwali. Meno ya bandia yangechukua wiki kadhaa. Kwaya ya kanisa la Wakorea, alikoimba sauti nzito tangu ujana wake, ikaambiwa ana mafua. Mkewe Hortensia ndiye aliyepokea simu na kudanganya, huku akimpikia uji wa mchele mpaka yeye mwenyewe akauchukia.

"Mama Lidia," Noh alimwambia mkewe Jumamosi asubuhi, kiganja mdomoni, "mimi si mtoto mchanga. Nataka taco, chapati yako ya nyama."

"Utaitafuna kwa kitu gani? Kwa masikio?"

Lakini mbavu za ng'ombe Hortensia alikwishazitoa kwenye friji. Kwao Jalisco, Mexico, nyama hupikwa hadi iuage mfupa yenyewe. Hapa Los Angeles, marehemu mama mkwe alimfundisha kusaga tunda la peasi na kitunguu saumu na kuvitia kwenye sosi ya soya. Hortensia akaloweka pilipili kavu za kwao, akazisaga, akavichanganya vyote na nyama, akafunika sufuria na kuuteremsha moto hadi ukawa wa kunong'ona.

Kila mara Noh alikuja kufunua.

"Bado?"

"Funua tena, nikupike wewe."

Alasiri harufu ilikuwa imejaa korido nzima. Mlango ukagongwa. Alikuwa Pyo, mwenzake Noh kwenye kwaya, anayekaa ghorofa ya chini.

"Kaka Noh! Mafua gani haya yanayonukia mbavu?"

Noh akachomoka mbio hadi bafuni. Hortensia akasimama na mwiko mkononi. Uongo ulikuwa umemchosha.

"Karibu ndani, shemeji," akasema, akafungua.

Akababua chapati za mahindi juu ya moto. Nyama aliigusa tu, ikachambuka. Akaweka juu yake kimchi, kabichi chachu ya Kikorea, iliyokaangwa kwenye mafuta yaleyale, giligilani na ndimu. Kisha njaa ikaishinda aibu: Noh akatoka, taulo imefunika nusu ya uso.

"Kaka, mbona umejifunga kama jambazi?"

Noh akaishusha taulo polepole. Pyo akamtazama. Hakucheka. Akatia vidole kinywani mwake mwenyewe, akachomoa safu nzima ya meno, akaiweka kwenye kisahani.

"Tangu lini?" Noh akauliza, macho yamemtoka.

"Ule mwaka niliposema nimekwenda Busan kumzika shangazi."

"Nilitoa rambirambi, wewe!"

"Shangazi yu hai. Anakusalimu."

Noh akaangua kicheko, mdomo wazi, pengo lote nje. Hortensia alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu siku ya daktari.

"Shemeji, meno mezani kwangu hapana," akasema, naye akijizuia kucheka. Pyo akayatia mfukoni.

Walikula vibogoyo wawili, nyama ikiyeyuka kwenye ulimi, mchuzi ukiwachuruzika hadi viwikoni. Walipofika kwenye taco ya nne au ya tano, Noh akauliza kesho kwaya inaimba wimbo gani. Pyo akauanzisha. Noh akaudaka kwa chini, maneno yakimponyoka kwa miluzi penye pengo, lakini sauti ni ileile.

Hortensia akavuta kiti, akachukua chapati iliyokuwa bado moto, akajitengenezea yake.