Supu ya Boga kwa Walio Shimoni

Philomène alilimenya boga mbele ya mlango wa jikoni, akalikatakata, akalibandika juu ya babula, jiko lake la makaa, pamoja na kitunguu. Juni ya Likasi haina mchezo, maji ya ndoo huuma vidole. Boga lilipolainika aliliponda, akatia karanga zilizotwangwa, akakoroga taratibu mpaka supu ikawa nzito. Kisha akataka kukwangua chini ya sufuria, na upawa haukugusa chini.

Uliteremka wote na mpini wake. Huko chini mtu akaupokea, akaurudisha umelambwa mbele na nyuma. Mwenye tabia hiyo alikuwa mumewe Germain, na karibu ugomvi wao wote wa ndoa ulikuwa juu ya upawa. Philomène alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika, akachota tena.

Masika hayo Germain aliingia kuchimba kobalti katika shimo la patron Ricky, tajiri wa machimbo, udongo ukaanguka. Ricky alileta malori, akaziba mdomo wa shimo, akasema siku ile halikuwa na mtu ndani. Pasipo maiti hapana kilio. Hakuna aliyetandika mkeka kwa Philomène, hakuna aliyemwita mjane. Alichotaka ni kimoja tu, Germain atolewe, amlilie na kumzika kama watu wanavyozikwa.

Kesho yake upawa ulivutwa na mikono mingi. Jirani yake Viviane, ambaye kaka yake aliingia shimo lilelile, alileta boga la pili.

"Yaya yangu hapendake karanga," alisema juu ya kaka yake huyo.

"Kama iko na njala, atakula."

Alikula. Wakamwita Ricky aje ajionee.

Ricky alikuja na koti lake zuri, akashusha upawa, ukavutwa. Hakushtuka. Mtu mwenye mashimo mengi hababaishwi na moja la ziada.

"Kumbe beko mule," alisema.

Viviane alilia kwa furaha. Philomène alipiga goti. "Basi patron, ubachimbule, tubazike."

"Kuzika? Maman, muntu mwenye kula hayakufa. Kilio ya nini? Cercueil, sanduku ya kuzikia, ya nini?"

"Kama beko bazima, ubatoshe inje!" Viviane alipaza sauti.

"Haraka ya nini? Banakula." Akaomba bakuli, akanywa, akazisifu karanga, akaondoka. Shimo lilibaki limezibwa.

Philomène aliinuka kwa hasira. Viviane alifuta macho, akanong'ona kwamba wakiacha kupika, wale wa chini hawatakula, na wasipokula, patron hatakuwa na la kusema. Watapata kilio chao. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Philomène aliiepua sufuria. Aliishika kwa kanga muda mrefu, uso ukilowa mvuke. Kilio kilikuwa pale, mikononi mwake, alihitaji kumwaga tu. Alimpenda Germain na alichoka kumngoja, yote mawili kwa pamoja.

Upawa ukavutwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeona haya kuomba nyongeza.

Akairudisha sufuria motoni. Viviane alivuta kisu na boga jingine. Philomène aliteremsha upawa, akainama karibu na supu.

"Bwana yangu," alisema, "iko moto. Puliza kwanza."