Trifon Wawili, Mzabibu Mmoja

Mzabibu wetu aliupanda baba mkwe, ukatambaa juu ya kichanja mpaka ukafunika ua mzima. Kiangazi kikija, meza inakaa chini yake, na mtaa mzima unakaa kwenye meza. Mume wangu Lazar yuko Hispania anachuma machungwa, wanangu wako mjini Sofia, kwa hiyo watu wangu ni hao wanaokuja kunywa kahawa, kusengenya, na kusahau kurudi kwao. Ng'ambo ya barabara Slavka naye ana mzabibu, na siku nyingi amewatia jicho wageni wangu. Kivuli changu kikifa, watavuka barabara. Sijidanganyi, hawaji kwa ajili ya sura yangu.

Mwaka huu majira yalichanganyikiwa, nasi tukachanganyikiwa nayo. Februari iliingia na jua la kutembea bila koti. Mlozi wa Slavka ukachanua kabla hatujafungana mkononi nyuzi nyekundu na nyeupe za mwezi wa Machi. Uzi ule unauvaa mpaka uone mti umechanua au korongo amerudi, ndipo unautundika mtini. Sasa mti umeshachanua, tuuvae ili tuuvue palepale? Tulibishana asubuhi nzima. Mimi niliuvaa, nikauvua, nikauvaa tena. Bustanini ilikuwa hivyohivyo. Wengine walishapanda viazi, wengine wakawacheka, kisha waliocheka wakapanda usiku wasionekane. Miche yangu ya pilipili nilikuwa naitoa nje kukipambazuka na kuikimbiza ndani jioni, mpaka nayo ikawa haijui kwao ni wapi.

Sasa huo mzabibu. Kwetu unapogolewa siku ya Mtakatifu Trifon. Mwanamume anakata matawi, anamwagia shina divai kidogo, na inayobaki haimwagwi. Shida ni kwamba Trifon tunaye mara mbili. Kanisa linamsherehekea Februari mosi, wa kalenda ya zamani wanamsherehekea tarehe kumi na nne. Hatugombani, maana kila Trifon anakuja na divai yake.

Februari mosi alikuja shemeji Vangel, mdogo wake Lazar, ambaye anaimba kanisani na hata kisu anakishika kwa adabu. Alipunguza hapa na pale, akaacha matawi marefu, akanywa, akaondoka. Tarehe kumi na nne nyumba ilikuwa imejaa, mimi niko jikoni natoa pai za jibini kwenye oveni, nikasikia mkasi nje. Nikajua ni wanaume wanakata tawi moja tu kwa desturi, maana Vangel alishapogoa. Nilipotoka na sinia, mzee Metodi wa nyumba ya nyuma alikuwa juu ya ngazi, na mzabibu wote umebaki visiki vya urefu wa kidole.

"Mzee Metodi, nani kakutuma?"

"Mumeo. Kanipigia simu, kasema Trifon akifika nimpogolee. Nimekuta matawi yananing'inia ovyo, nikajua umejaribu mwenyewe."

Nikampigia Lazar. Akakiri kwamba alimwambia Vangel, kisha akamwambia Metodi pia, kwa sababu yeye hamwamini Vangel. Mbona mimi hakuniambia? Akasema alidhani mmoja wao atasahau.

Kesho yake mzabibu ukaanza kulia. Jua lilikuwa limeshauamsha, na kila kisiki kikawa kinadondosha maji, tone kwa tone, kwenye meza tuliyoitoa nje mapema kwa joto lile, juu ya pai, ndani ya kikombe cha Slavka. Slavka akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Mwenzangu, huu ndio unaaga dunia," akasema. Kila mgeni akaja na dawa yake. Mmoja alisema nta ya mshumaa, mwingine majivu, mwingine vitambaa. Nilifanya zote, mpaka mzabibu ukaonekana kama umetoka kwenye ajali. Vangel akasema Metodi ameua mzabibu wa baba yake. Metodi akasema aliukuta umeshauawa. Mimi nilimwamini kila mmoja alipokuwa anasema.

Machi ikaendelea na joto lake. Mzabibu wa Slavka ukatoa majani mororo, makubwa kama sikio la paka. Wangu kimya. Slavka akatoa meza nje, akaitandika kitambaa kipya, na siku moja wageni wangu walikuwa wake. Nilikaa peke yangu uani na vikombe vilivyooshwa, nawasikia wanacheka, na sikujua hata wanamcheka nani.

Mwishoni mwa mwezi Bibi Machi, yule kikongwe tunayemsingizia hali ya hewa yote, akageuka. Tulilala dirisha wazi, tukaamka mapaa meupe. Barafu ilikuwa imeshika kila kitu. Viazi vililala chini, na mzabibu wa Slavka ulikuwa mweusi kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Nikakimbilia wangu. Haukuwa na jani hata moja la kuungua.

Baada ya Pasaka, visiki vile vikafumbua macho. Vitambaa vikasukumwa na machipukizi vikaanguka.

Hapo ndipo Vangel akaja kunikumbusha kwamba aliyepogoa ni yeye, Metodi alikuja kufagia tu. Metodi akasema Vangel aliutekenya tu, uliouchelewesha kuchipua mpaka barafu ikapita ni mkasi wake yeye Metodi. Lazar akapiga simu kuuliza nani kauokoa, ili ajue wa kumletea zawadi. Nikamwambia sijui. Pengine ni Trifon, ila sijui yupi.

Jioni ile Slavka akavuka barabara, amebeba kiti chake mwenyewe. Alisimama langoni kidogo, akitazama juu.

"Rumena, mwakani na mimi nipogoe lini?"

"Dada, ungeniuliza kitu kingine," nikamwambia. "Weka kiti hapo. Kivuli mwaka huu kitachelewa."