Hoja ya Jumatano

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kulikuwa na wanawake wawili wa kukunja shuka, na kwa kuwa shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja, walikuwa wamekunja pamoja kwa miaka sita. Kila mmoja alishika ncha mbili, wakarudi nyuma, wakakung'uta, wakasogeleana mpaka vidole vikagusana, kisha mmoja akapokea na mwingine akainama kuchukua nyingine. Kwa siku walifanya hivyo zaidi ya mara mia mbili. Mmoja aliitwa Mrefu, jina ambalo halikuhitaji maelezo. Mwingine aliitwa Redio.

Redio alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na mdomo wake haukuwa na mlango. Mumewe, fundi wa friji, alipenda kusema kwamba nyumbani kwake hapahitajiki saa ya kuamsha watu. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Wagonjwa walipofariki alikuwa wa kwanza kuwashika mkono ndugu zao, na ibada hakukosa. Kila Jumatano jioni alikwenda kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, ambako kila mmoja alileta hoja yake, na wengine wakaiombea kwa sauti.

Jumatatu moja, wakiwa katikati ya shuka, Mrefu alisimama. Alisema mumewe alipotea njia ya kurudi nyumbani. Mume huyo alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya karibu, miaka ishirini na minane darasani, na njia yake ilikuwa ile ile kila siku. Ijumaa alikutwa ameketi kwenye ngazi za duka la rangi, upande mwingine kabisa wa mji, amepakata mkoba wake. Haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata angepimwa, kisha angekwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumweleza, kwa maneno yake mwenyewe. Mrefu aliyasema hayo kwa sauti ya chini, halafu akavuta shuka, wakaendelea na kazi.

Redio alisikitika kweli, wala hakuigiza. Jumatano zamu yake ilipofika alisema ana dada mmoja kazini, hatamtaja jina, ambaye mume wake ni mwalimu wa hesabu na ameanza kupoteza kumbukumbu hata kupotea njia. Akina mama waliomba dakika kumi nzima, wengine kwa machozi. Redio alirudi nyumbani moyo mweupe, akapika huku akiimba.

Miongoni mwa wale akina mama alikuwamo mmoja mwenye mtoto katika shule hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Alimuuliza tu mzazi mwenzake kama amesikia lolote kuhusu mwalimu wa hesabu. Jumatatu asubuhi wazazi watatu walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kabla ya saa sita mwalimu wa hesabu aliitwa kutoka darasani akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka atakapopewa taarifa. Aliacha hesabu ubaoni haijafika kwenye jibu. Siku ya kupimwa ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo.

Kesho yake Mrefu alifika kazini, akafunga aproni, akashika ncha zake mbili. Hakuitikia salamu. Redio, ambaye hakuwa amesikia kitu, aliuliza kuna nini mara tatu, na mara ya tatu akaelezwa kwa sentensi nne. Hapo hapo akaanza kujieleza. Hakutaja jina la mtu. Alikuwa anamwombea. Asingeweza kujua kwamba yule mama ana mtoto kule. Mrefu alimwacha mpaka akaishiwa maneno.

"Ulimwambia Mungu," akauliza, "au uliwaambia wao?"

Mashine ya kukaushia ikalia kwamba imemaliza, wakaenda kutoa shuka zilizokauka.

Kumnunia mtu aliye mbali si shida. Kumnunia mtu ambaye vidole vyake vinagusa vyako mara mia mbili kwa siku ni kazi, na Mrefu aliifanya wiki tatu bila kuteleza. Wenzao wa kupiga pasi waliona, wakaacha utani. Redio alipungua sauti. Nyumbani mumewe alimuuliza kama anaumwa koo.

Mwishowe alikwenda kwa mchungaji. Alimsimulia yote, akitazamia kuambiwa kwamba Mungu anaujua moyo wake. Mchungaji alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ameshaomba msamaha. Redio akasema ameeleza kila kitu. Mchungaji akasema kueleza ni kitu kimoja na kuomba msamaha ni kingine, na akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jumatano hiyo Redio alisimama kikundini akasema kwamba hoja aliyoileta mwezi uliopita haikuwa yake kuileta, na kwamba amemuumiza mtu. Mmoja akauliza sasa mwalimu anaendeleaje. Akasema hilo si lake kulisema. Akaketi. Wakaendelea na mwingine.

Asubuhi yake alimsubiri Mrefu mlangoni mwa chumba cha kufulia, kabla mashine hazijawashwa.

"Nilikukosea, dada," akasema. "Habari ilikuwa yako na ya shemeji, mimi nikaitoa. Sina la kujitetea."

Mrefu alimtazama, akapita. Mchana Redio aliongeza jambo moja tu: kwamba Jumamosi yeye huwa hayuko zamu, na Mrefu huwa zamu, basi kama shemeji anahitaji mtu wa kukaa naye, yupo. Hakurudia. Kutorudia kulimgharimu zaidi kuliko kusema.

Siku kumi baadaye Mrefu, akivua aproni, alisema bila kugeuka, "Jumamosi, saa mbili. Akisema kitu kisicho sawa, usimsahihishe."

Redio aliwahi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia chakula, amenyoa, amevaa shati la mikono mirefu, mbele yake daftari za zamani za wanafunzi na kalamu nyekundu. Alimkaribisha kwa heshima na kumvutia kiti. Alidhani ni mzazi aliyekuja kuuliza maendeleo ya mtoto wake. Redio alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Nimefurahi umekuja," mwalimu akasema. "Wazazi wengi hawaji. Mwanao ana akili, tena nyingi. Tatizo lake ni moja, anaongea mno darasani."

"Hilo nalijua, mwalimu," Redio akasema.

"Usimchape. Mwambie tu."

"Nitamwambia."

Baada ya nusu saa alimkaribisha tena, akamweleza yale yale, na Redio akamsikiliza kama mara ya kwanza. Mpaka saa nane aliisikiliza ripoti hiyo mara tano. Mara ya nne mwanawe alikuwa amepanda darasa. Katikati mwalimu alimfundisha kugawanya sehemu, jambo ambalo tangu shule ya msingi halikumwingia, na sasa likamwingia.

Alikwenda Jumamosi ile, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Majibu ya vipimo yalitoka yakawa kama walivyohofia. Mwalimu hakurudi darasani, wala shule haikumuaga. Pengine hata angesema mwenyewe mambo yangeishia pale pale, ila angekuwa ameyasema yeye. Redio alilijua hilo na hakuna aliyejaribu kumwambia vingine. Kikundini alipoulizwa habari za mwalimu alisema anapenda wageni, waende wakamsalimie. Wawili walikwenda. Yule mama mwenye mtoto alikwenda wa tatu, akakaa ukingoni mwa kiti, akaambiwa mwanawe ana mwandiko mbaya, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Miezi ilipita Mrefu hajamwambia Redio lolote zaidi ya mambo ya kazi. Kisha Jumamosi moja alirudi kutoka zamu, mwalimu akiwa amelala kwenye kochi, akachemsha chai na kuweka vikombe viwili. Akasema asubuhi mumewe alimwita kwa jina la marehemu dada yake, yule aliyemlea, akamshukuru kwa malezi. Akasema hakujua aitikie vipi, basi akaitikia.

Redio hakusema pole, wala hakusema atamwombea. Aliuliza huyo wifi alikuwa mtu wa namna gani. Mrefu akamweleza, kwa kirefu, na chai ikapoa. Njiani kurudi nyumbani Redio aliwaombea kimoyomoyo, Mrefu na mwalimu, kwa majina yao, na alipokutana na jirani aliyemuuliza anatoka wapi, akasema anatoka kutembea.