Utepe wa Meya

Bwana Hervé Plantevin, meya wa Saint-Aubry, alifika ukumbini Jumapili alasiri na amri ya kusimamisha mchezo wa kuigiza mkononi, ila utepe wake wa cheo wa rangi tatu aliusahau mezani, kando ya kuku wa mchana. Na meya asiye na utepe begani hawezi kutawanya hata njiwa wa uwanjani. Askari wake wawili walimwambia wazi kwamba bila utepe hawamgusi mtu.

Mchezo wenyewe ulimchoma. Ndani yake fundi viatu anavaa utepe wa meya, anatawala mji mwaka mzima na hakuna anayegundua. Mwishowe anabaki uchi na utepe tu, na watu bado wanampigia saluti. Mji mzima ulinong'ona kwamba fundi huyo ni Hervé. Alichotaka maskini ni kusikilizwa, walau mara moja, pasipo mtu kucheka.

Wakati wa mapumziko akajipenyeza chumba cha mavazi, kwa Bi Maryvonne, mtunza mavazi aliyemjua Hervé tangu yuko chekechea.

"Niazime utepe wenu."

"We! Hilo ndilo vazi pekee la Thibaud kipindi cha pili. Avae nini?"

"Hakuna kipindi cha pili."

"Haya, chukua. Lakini umeugeuza, Hervé. Bluu inakaa shingoni. Miaka kumi na miwili ofisini, bado nikuvishe mimi?"

Akapanda jukwaani. "Kwa mamlaka niliyopewa, mchezo huu ni marufuku!"

Watu wakaangua kicheko. Akafoka, wakapiga makofi. Akapiga mguu chini, bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Huyu anamshinda yule wa kwanza!" Hata askari wake walikuwa wanafuta machozi. Hervé akatamani ardhi ipasuke immeze.

Nyuma ya pazia, Thibaud, mwigizaji wa fundi viatu, alishindwa kuvumilia. Si kwamba alimwonea huruma; aliudhika kuona nafasi yake ikichezwa ovyo. Akatoka na taulo kiunoni, akasimama, akangoja. Ukumbi ukanyamaza.

"Wananchi wenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "onyesho limesimamishwa. Nendeni nyumbani."

Wakainuka. Wakachukua makoti yao, wakatoka mstari kwa mstari, askari wakiwafungulia milango. Dakika tano baadaye alikuwa amebaki mwongozaji wa mchezo peke yake kwenye viti, analia.

"Umefanyaje?" Hervé akauliza.

"Nimengoja wanyamaze."

Hervé akauvua utepe, akamvisha Thibaud juu ya kifua kitupu, taratibu, bluu shingoni.

"Baraza linakaa kesho saa tatu asubuhi," akasema. "Uje na suruali."